Miguu Chini ya Pazia

Nakumbuka siku moja ya soko, Kitale ile ya wakoloni, nikiwa ningali bi harusi. Mume wangu Wafula alikuwa amejifunza upishi nyumbani kwa mzungu kule Endebess, kisha tukafungua kihoteli karibu na stesheni: meza mbili, mabenchi, na pazia la gunia kati ya wateja na jiko. Yeye alipika, mimi nikapakua. Watu walikuja wenyewe, maana chema chajiuza, kibaya chajitembeza.

Lakini maneno nayo hutembea, mwanangu. Yalifika kwetu Bumula kwamba mwanamume aliyenioa anasonga ugali. Siku zile hiyo ilikuwa aibu ya ukoo mzima. Mama akapanda lori la mahindi aje kunichukua.

Nilimwona mlangoni, mwavuli kwapani, uso ameukunja. Wafula naye akamwona. Sasa elewa: kwetu mtu na mama mkwe wake hawakai chumba kimoja, sembuse mmoja kumtazama mwenzake akila. Na jiko letu halikuwa na mlango wa nyuma! Nilisikia sufuria ikianguka, kisha akajibana nyuma ya pazia, karibu na moto. Niliogopa kweli, kwa sababu nilimpenda yule mtu na sikutaka kurudi Bumula.

"Funga nguo zako," mama akasema. "Wewe uliona wapi jogoo analalia mayai?"

"Mama, si ule kwanza. Umetoka mbali."

Alitaka kukataa. Lakini mrenda, ile mboga yetu ya kuteleza, ulikuwa umetiwa munyu, ile chumvi yetu ya majivu, na harufu ilikuwa imeshamfikia. Mwenye njaa hana miiko, ingawa mama yangu alijitahidi: aligeuka akaelekea ukutani, akajifunika leso kichwani, akala ugali wa wimbi kwa mrenda na nyama, kimya kimya kama mtu anayesali. Kisha mkono ukanyoosha sahani nyuma.

"Ambia mpishi aongeze mrenda."

"Mpishi, ongeza mrenda," nikasema, ingawa hata aliyekuwa barabarani alikuwa amesikia.

"Ambia mama asante," sauti ikatetemeka jikoni. "Na nyama je?"

"Ambia mpishi nyama si mbaya. Lakini asikaushe sana, bana."

Wateja waliacha kula, wakawa wanachekea ndani ya vikombe vya chai. Mimi nikakimbia huku na huko nikipeleka maneno yaliyokuwa yameshafika.

Mama alipokwisha kunawa, alinivuta karibu.

"Nilimjua tangu nikiingia. Hilo pazia ni fupi, miguu yake yote iko nje. Mtu amekubali kuchomwa na moto ndio asinikosee heshima, sasa mimi nitamkataa na nini? Kaa na bwana yako. Lakini mshonee pazia refu."

Tangu hapo alikuja kila baada ya mavuno, akala akitazama ukuta. Hawakuwahi kukaa meza moja. Siku tulipomzika mama, Wafula alilia kutushinda sisi aliotuzaa.

Mwanangu, heshima si utumwa. Mila usizitupe, wala usizifanye rungu la kuvunjia nyumba ya mtu. Kuna namna ya kugeukia ukuta na bado ukashiba. Na ukiletewa umbea juu ya chungu cha mwenzio, onja kwanza ndipo useme. Mungu akupe mwenzi mwenye mkono mtamu, akupe wakwe wanaojua njaa, na jiko lako alijalie mlango wa nyuma.