Zipora Atafuta Mpishi wa Mafuta

Mke wangu Zipora alianza na karatasi. Watu wengine wakitaka kuuza mafuta ya kujipaka huanza na mafuta, lakini yeye alianza na lebo. Aliziagiza Moshi, zikaja kwa treni katika bahasha nene, na kwa kuwa mimi ndiye niliyekuwa karani wa mizigo stesheni ya Same, nilizipokea na kuzitilia sahihi bila kujua napokea nini. Zilikuwa lebo mia mbili za rangi ya waridi, zenye picha ya kitana na jina ZIPORA kwa herufi kubwa. Mafuta yenyewe hayakuwapo popote duniani.

Nilikasirika, sikatai. Mimi ni mtu wa kukasirika haraka, na huyu mwanamke nimepewa ili nifanye mazoezi. Nilimwuliza hizo lebo atazibandika wapi, kwenye paji la uso wangu? Akacheka, akaendelea kuhangaika kuutunga uzi wake sindanoni. Hapo ndipo hasira ikaniishia, maana uzi ule alikuwa anahangaika nao tangu nilipoingia ndani.

Zipora alikuwa mshonaji. Kwa miaka kumi na minne alishona kwenye baraza la duka moja mjini Same, na hakuna bibi harusi wa Kilutheri aliyepita mikononi mwake akatoka na mshono uliopinda. Lakini mwaka ule wa 1953 macho yalianza kumtoroka. Kwanza aliulowesha uzi kwa mate, kisha akawa anaishika sindano juani, kisha akawa anawaita wapita njia wamtungie. Mganga wa hospitali alimpa miwani, akamwambia itasaidia kidogo tu na si kwa muda mrefu. Wiki iliyofuata alishona mkono wa gauni la watu ndani nje.

"Baba Eliezeri," aliniambia siku ile ya lebo, "nataka kazi ambayo vidole vyangu vitaijua hata macho yakigoma. Nikikosa hiyo, nitakaa ndani nikingoja kuongozwa mpaka chooni. Sitaki."

Na kwa nini mafuta? Kwa sababu mshonaji huona viwiko vya mji mzima. Upepo wa Same na vumbi lake huwapasua watu ngozi, na wanawake waliokuja kupimwa nguo walikuwa wakimlalamikia kila siku kwamba mafuta ya madukani ama yananuka ama yananata hata nzi wanakwama. Alijua wanachotaka kuliko walivyojua wenyewe. Tatizo lilikuwa moja tu, kwamba kuyapika hakuweza. Alijaribu mara moja, na majirani wakaja na ndoo za maji.

Basi tukaanza kutafuta wa kumpikia. Mimi niliandikia kiwanda kimoja cha Tanga, nao wakajibu kwa barua nzuri sana, imepigwa taipu, ina picha ya bomba la moshi juu kabisa. Walikuwa tayari kutengeneza, ila hawakuwasha mitambo kwa chini ya vikopo elfu sita. Niliisoma barua ile mara tatu kwa sauti, maana napenda kazi ya ofisi iliyofanywa vizuri. Zipora akasema vikopo elfu sita atalazimika kuwapaka hata mbuzi wa Same, na tena kiwanda hakitamwuliza mteja wake ni nani. Nikamwambia kiwanda hakina haja ya kuuliza. Tukanuniana mpaka chakula cha jioni.

Wa pili alikuwa Bwana Isihaka, muuza manukato aliyetoka Pangani zamani, mwenye duka dogo karibu na msikiti. Alikuwa tayari kupika hata vikopo ishirini kwa mara moja, kwa mafuta ya nazi, na kazi yake ilinukia vizuri kiasi kwamba nilirudi nyumbani nikijinusa. Wa tatu alikuwa shangazi yake Zipora, Dorkas, wa Suji juu mlimani, aliyepika mafuta ya nyonyo kwa chungu kimoja kimoja, akiyachanganya na nta na majani ya mchaichai. Shangazi hakuwa na duka wala barua. Alikuwa na chungu.

Tulimkuta Suji Ijumaa jua likizama, na hilo lilikuwa kosa letu, maana shangazi ni Msabato na moto wake ulikuwa umeshazimwa. Neno la biashara halikuruhusiwa mpaka Jumamosi jioni. Zipora alikaa siku nzima amefunga mdomo kama mtu mwenye jino bovu. Jua lilipozama Jumamosi, shangazi aliwasha moto, akamwaga mbegu za nyonyo kwenye ungo, wakakaa wawili kuchagua nzuri na mbovu huku Zipora akitoa maneno yote ya siku nzima kwa mpigo. Mimi nilisinzia.

Jumapili asubuhi pembe ikapigwa. Ilikuwa zamu ya msaragambo, kazi ya wote, na safari hii ilikuwa kuzibua ndiva, lile bwawa la kukusanya maji ya mfereji. Pembe ikilia Upareni hakuna cha mgeni wala karani, kwa hiyo nilipandisha suruali nikaingia kwenye tope. Ilikuwa Julai, na tope la Suji mwezi wa Julai halina huruma. Tulipotoka, mikono ya watu wote ilikuwa imekauka na kuchanikachanika.

Zipora alikuwa anangoja ukingoni na vikopo viwili, kimoja cha shangazi na kimoja tulichopanda nacho kutoka Same. Kila aliyetoka alipakwa, mkono wa kushoto mafuta ya Isihaka, wa kulia mafuta ya Dorkas, bila kuambiwa ni ya nani. Lakini ya Isihaka yalikuwa yameganda kwa baridi yakawa jiwe, na ilibidi yachimbuliwe kwa kijiti. Watu sitini walisimama pale wakijishika mikono yao wenyewe, wakibishana, wakinusishana, na mzee mmoja aliyesifika kwa ukimya akatangaza kwamba mkono wake wa kulia umerudi ujanani, anaomba na mguu. Hakuna aliyechagua kushoto. Zipora alifurahi hata akamkumbatia shangazi mbele za watu, jambo ambalo Suji si la kila siku.

Basi akachagua. Tulishuka na vikopo kumi na viwili vimebandikwa lebo za waridi, na Jumatano tukavipeleka gulioni Hedaru. Pale alikuwapo Hezroni, mwenye duka kubwa kando ya barabara, ambaye malori na mabasi yote yalisimama mbele yake. Alikuwa amemwahidi Zipora nafasi ya mbele kwenye rafu yake, akiona kwamba watu wanayapenda. Mwenye duka kama huyo akikukubali, jina lako linasafiri mpaka Korogwe na Moshi bila wewe kuondoka nyumbani.

Kivuli kilikuwa kimeshachukuliwa na wauza sufuria. Tukapanga vikopo juani.

Saa sita mchana mama mmoja wa shamba la mkonge akafungua kopo la kwanza, mafuta yakamteremkia mpaka kiwikoni kama mchuzi. Hezroni akachukua la pili. Lebo ikateleza, ikamgandia kidoleni, naye akasimama ameinyanyua, ZIPORA, kila mtu akiisoma. Nilimwona mke wangu akitafuta ukingo wa benchi kwa mkono ili akae, na moyo uliniuma sana.

Lakini yule mama wa mkonge hakuwa mtu wa kupoteza. Yaliyommwagikia aliyasugua mpaka begani, akanusa, akamwita mwenzake anuse. Mwenzake akakinga kiganja. Mara viganja vikawa kumi, vikawa ishirini, na Zipora akainuka akawa anamimina kama anagawa uji, huku wakicheka na yeye akicheka, machozi yanamtoka, sijui ya aina gani. Vikopo viliisha kabla treni haijapita.

Hezroni alingoja umati utawanyike. Alisema mafuta ni mazuri na yeye mwenyewe amepaka, lakini anauza vilivyomo koponi, hauzi mito inayotiririka. Alimpa mpaka Jumatano ijayo alete kitu kinachokaa, vinginevyo nafasi ile inachukuliwa na mtu wa sabuni.

Kwenye treni nilianza tena habari za Tanga. Tulipofika Makanya Zipora akasema kosa si la shangazi. Tulikuwa tumepima kila kitu Suji, kwenye baridi, na kumwuliza kila mtu wa Suji, wakati watakaonunua wanaishi huku chini kwenye tanuri. Miaka kumi na minne tumekaa Same, lakini jambo likiwa la maana tunakwea kwenda kuuliza mlimani. Wapare wote wa tambarare wana ugonjwa huu. Hata mahindi tuliyokuwa tunakula nilikuwa naagiza kwa mama yangu huko mlimani.

Zipora alimwendea Isihaka, nami nikadhani sasa atampa kazi yeye. Isihaka alichovya kidole kwenye masalio ya kopo, akasugua nyuma ya mkono, akanusa.

"Haya mimi siyawezi, mama," akasema. "Mwambie huyo bibi aongeze nta. Kiasi gani, ataambiwa na jua, mimi siwezi kumwambia." Halafu akaomba kopo la kwanza likiwa tayari aletewe yeye, kwa ajili ya mkewe. Nimewafahamu wafanyabiashara wengi, na sijaona mwingine aliyemsifia mshindani wake akiwa na wateja dukani.

Jumapili Zipora akapanda tena Suji peke yake. Alinisimulia kwamba shangazi aliposikia nta iongezwe alinuna kabisa, maana mapishi yale aliachiwa na mama yake na hayakuwahi kuguswa. Aliendelea kukoroga chungu akimpa mgongo. Mwishowe akasema mama yake hakuwahi kupikia watu wa Hedaru, kwa hiyo hawezi kulaumiwa. Kisha akamwambia Zipora ampeleke akalione hilo jua.

Jumanne walishuka Makanya kwa miguu na chungu, wakapanda treni. Dorkas hakuwa ameteremka kwa miaka tisa. Nilipowapokea Hedaru nikamwamkia, "Shikamoo, shangazi," akaitikia marahaba huku akilitazama jua kwa chuki, kama mtu anayemtazama mkwe asiyemtaka. Nyuma ya duka la Hezroni akawasha moto, akachukua kipande cha bati, akakilaza juani, akadondosha tone la mafuta. Likakimbia mpaka ukingoni. Akakata nta kwa kucha, akaitupa chunguni, akakoroga, akadondosha tone la pili. Hilo nalo likakimbia, ila kwa uvivu zaidi. Hezroni aliacha duka akaja kutazama. Dereva wa lori akaja. Kufikia tone la tano tulikuwa watu kama kumi na watano tumeinama juu ya bati, na hakuna aliyepumua. Tone likatetemeka, likakaa. Tukapiga makofi watu wazima sisi, na Dorkas akatuambia tusimzibie upepo.

Alijaza vikopo ishirini na vinne. Nusu ni ya tambarare, yenye nta nyingi. Nusu ni ya mlimani, kama mama yake alivyopika, maana Wapare hupanda na kushuka, na kila mmoja apate ya kwao. Kisha akatoa msumari akaanza kuchora vifuniko, mkwaruzo mmoja kwa ya mlimani, miwili kwa ya tambarare. Nikamwambia, kwa heshima lakini kikarani, kwamba tungeweza kuandika kwenye lebo, ndiyo kazi ya lebo.

Aliangalia kwanza Zipora alipo. Alikuwa mbali, akichota maji.

"Jumamosi ile mlipokuja tulichagua nyonyo pamoja," akasema kwa sauti ya chini. "Wewe ulikuwa umelala. Alikuwa anazichagua kwa kuzigusa, wala hakuwa anazitazama. Sasa hiyo lebo utamwandikia nani?"

Nikachukua msumari wa pili nikakaa chini, nikamsaidia kukwaruza.

Jumatano gulio lilijaa. Vikopo vilikaa juani kutwa nzima na hakuna kilichomwagika, na kabla ya saa tisa Hezroni alikuwa ameshaisogeza sabuni pembeni. Lakini sikuja kusimulia hayo. Ninachokumbuka ni msichana mmoja aliyekuja mbio, lori linampigia honi, akasema anapanda Suji kwa bibi yake, apewe yanayofaa huko. Zipora hakuinama, wala hakuvaa miwani. Aliongea naye akimtazama usoni, akimwuliza bibi yake ni wa ukoo gani, na huku dole gumba lake likapita juu ya kifuniko cha kwanza, la, cha pili, la, cha tatu, likasimama. Akampa. Ulikuwa mkwaruzo mmoja.

Nililia pale pale, nyuma ya magunia ya Hezroni, kwa furaha, na sioni aibu kulisema. Barua ya Tanga bado ninayo, maana ni karatasi nzuri. Zipora alinikuta nayo siku moja, akaomba kipande, akafungia sindano zake zote, akaziweka juu ya kabati.