Siku Ambayo Hatumuuzii Mteja

Hapana, Mama. Mwezi hauna kosa. Umeandama kwa wakati wake, watu wameuona, umetangazwa, kesho tunafunga. Wewe unanambia nisikasirike kwa sababu mambo ya mwezi ni ya Mungu, na mie nakubali. Lakini siku yetu ya pwani haikupangwa na mwezi. Ilipangwa ofisini kwetu, na mtu mzima mwenye kalenda mbele yake, na alijua anafanya nini.

Mama kanisikiliza, kaenda jikoni kufunika kuku alioshawatia viungo. Mie nimekaa ukumbini nnaandika. Naandika kwa ajili ya mdogo wangu Rukia na wenzake wanaomaliza kidato cha nne, maana kila siku wananiganda: "Dada Zuwena, tutafutie kazi huko kwenye utalii, wewe unakula raha." Haya, kaeni chini niwaelezeni hiyo raha.

Siku yangu ya kwanza kazini nilikwenda na viatu vya kisigino vya kuazima. Ilikuwa nyumba ya wageni, Mji Mkongwe, ghorofa tatu na ngazi za mbao zilizosimama kama mnazi. Msimamizi wa mapokezi, mwanamke mtu mzima, alinitazama miguu kabla hajanitazama uso.

"Shikamoo," nikamwambia.

"Marahaba. Unakwenda harusini?"

"Hapana, Bi mkubwa. Nimekuja kazini."

"Basi vua. Hapa kazi ni ngazi."

Nilishinda peku, napandisha mabegi. Lakini yule bibi alinifundisha, sitomnyima haki yake. Familia yenye watoto wadogo haipandishwi ghorofa ya juu hata ikiomba kuona bahari. Kitanda cha mtoto kinawekwa mbali na dirisha. Na ukitaka kujua kama likizo ya watu inakwenda vizuri, usimuulize baba. "Baba analipa," alinambia, "lakini mama ndo anajua kama wamefurahi. Muulize yeye kalalaje." Mpaka leo nikipokea familia, swali langu la kwanza ni hilo.

Kutoka hapo nikapelekwa Uroa, hoteli ya pwani, kuchezesha watoto wa wageni ili wazee wao wapate kulala. Huko ndo nilijifunza kupanga siku kwa maji. Kuna bamvua, mwezi ukiwa mpya au mpevu, bahari inakupwa mpaka unaona mashamba ya mwani yote, na kuna maji mafu, ambapo bahari haiendi mbali wala hairudi sana. Ukiwapangia watu kuogelea asubuhi ya bamvua, watasimama na mataulo yao wanatazama matope, na lawama ni zako. Asubuhi wapeleke kutembea, jioni waogelee.

Mkuu wa burudani pale alikuwa na filimbi shingoni kama refa. Siku moja nina homa, kanikuta nimekaa chini ya kivuli.

"Zuwena, tabasamu liko wapi?"

"Naumwa, Bosi."

"Wageni wamelipia bahari, wamelipia na meno yako. Simama."

Nikasimama. Nikacheza. Watoto wa watu wakanikumbatia jioni, mama yao akanipiga picha. Rukia, hiyo picha ndo ile unayowaonesha wenzako.

Sasa nipo ofisi ya safari, Malindi hapa hapa mjini, mpangaji ratiba kabisa, nna meza yangu. Hapa kazi ni kuchukua matamanio ya watu wanne watano ambao hawapatani na kuwatolea siku moja yenye amani. Baba anataka kupumzika, mama anataka kununua kanga, watoto wanataka kwenda kula Forodhani kila magharibi, bibi yao goti linamuuma. Asiyejua anaijaza ratiba mpaka inapasuka. Anayejua anaacha siku moja tupu, haina gari wala mtembezaji. Wakirudi kwao hiyo ndo wanayoihadithia.

Na sio wageni wa mbali tu. Ukifika mwezi wa Shaabani wateja wetu ni sisi wenyewe. Nyote mnaijua vunja jungu, ule mtoko wa mwisho kabla ya Ramadhani, watu na masufuria yao, ofisi nzima, madrasa nzima, ukoo mzima, kula pwani mpaka jua lizame. Sisi tunatafuta gari, uwanja, kivuli, maji ya kunywa. Mwaka wangu wa kwanza nililipangia kundi la walimu siku ya thalathini ya Shaabani. Meneja akaifuta mbele yangu.

"Hii ni siku ya shaka," akanambia. "Mwezi ukionekana usiku wa kuamkia siku hiyo, asubuhi watu wamefunga. Humuuzii mteja siku ambayo hujui kama atakula."

Maneno ya kweli. Sijamuuzia mtu siku ile tena.

Lakini msimu huo huo ndo mie huwa sitoki. Nyumbani wanakwenda vunja jungu, mie nawapeleka watu wengine. Mama hurudi na sahani yangu imefunikwa kwa kawa, pilau imepoa, ina mchanga. Naila nimesimama jikoni. Hamadi, kaka yetu, hunitania: "Bi Mipango, pwani ilikusalimu."

Mwaka huu nilikataa sahani. Hamadi kapata kazi Maskati, anaondoka Ijumaa, na mkataba wenyewe hausemi lini atarudi kututazama. Mama aliomba kitu kimoja tu. "Nataka siku moja, nyote watatu mbele ya macho yangu, twende Uroa tukale sinia moja. Basi." Nikaenda kwa Meneja mapema, Shaabani haijafika hata kati.

"Bosi, naomba Jumapili ya mwisho."

"Jumapili ya mwisho? Zuwena! Ina makundi mawili."

"Basi Jumamosi."

"Wewe mwenyeji bwana, pwani yako ipo siku zote. Mteja ana siku moja."

"Kaka yangu anasafiri."

Akaitazama kalenda, akaweka kidole. "Chukua Jumatano."

"Jumatano ni siku ya shaka, Bosi."

"Aa, mwezi Jumanne hauonekani. Wewe kachukue, mambo mengine mwachie Mungu."

Nikaichukua. Ningefanya nini? Mama alifurahi mpaka akaazima sufuria la harusi kwa jirani.

Leo Jumanne, tumeswali magharibi, Mama mikono yake imo ndani ya beseni la kuku, Rukia anafunga sambusa, mara watoto nje: "Mwezi! Mwezi huo!" Tukawasha redio, tukasubiri. Ukatangazwa. Mama akatazama mikono yake, akaenda kuinawa taratibu, kidole kimoja kimoja.

"Bi Mipango," Hamadi akasema, "tufanye daku ya sambusa mia." Mama akacheka. Akaingia jikoni akicheka, na nikasikia kicheko kinakatika humo humo.

Halafu simu yangu ikalia, ujumbe wa Meneja. Ramadhani karimu, Zuwena. Kwa kuwa mtoko wenu umevunjika, kesho saa tatu uwe bandarini, kuna familia ya watu watano, wapeleke Uroa.

Nimeusoma mara nyingi, natafuta neno pole. Halimo.

Nna miaka ishirini na tano, lakini leo nazungumza kama mstaafu, na maneno ya mstaafu ni haya. Kazi yenyewe nzuri, ufundi upo, na watu wanafurahi kweli. Ila furaha hiyo ina mtu anayeichonga, na yeye anapewa siku iliyobaki. Rukia, ukiitaka kazi hii, kwanza uliza wewe utapumzika lini. Wakikwambia pwani ipo siku zote, ondoka.

Nimemfuata Mama jikoni nikamwambia twende hivo hivo, gari tushaikodi.

"Pwani mchana wa Ramadhani, bila chakula? Kufanya nini?"

"Kukaa."

"Watu watatuona wazimu. Na kazini kwako?"

"Mama, hukusema unataka chakula. Ulisema unatutaka sisi."

Akaendelea kupanga sambusa kwenye friji. Hakukubali wala hakukataa. Kesho nikishaswali alfajiri, sare ya ofisi itabaki msumarini na simu itabaki mezani. Ntamwamsha Hamadi na Rukia, ntamtolea Mama buibui lake nilitandaze kitandani kwake, kisha nikae kizingitini nimsubiri.