Tairi Ndilo Hutangulia

Siku yangu ya kwanza kazini nilipigwa spana kwenye soli ya kiatu. Nilikuwa nimeshaingiza kichwa na mabega chini ya pikapu, nikitaka waone kwamba kijana wa Kimeru si mvivu, ndipo nikasikia chuma kikigonga unyayoni. Nikatoka kinyumenyume. Mbele yangu alisimama Fomeni wa karakana ya lile shamba la kahawa, mtu mfupi aliyevaa kofia ya sufu hata jua likiwaka.

"Unakwenda wapi?" akaniuliza.

"Chini ya gari, mkuu."

"Nani amekutangulia?"

Sikumwelewa. Nikamjibu kwamba niko peke yangu. Akaliendea tairi nililokuwa nimelifungua, akalilaza, akalisukuma kwa mguu mpaka likaingia chini ya chesisi, yaani ule uti wa mgongo wa chuma unaobeba gari zima.

"Tairi ndilo hutangulia," akasema. "Jeki ikiponyoka, gari litalikuta tairi kabla halijakukuta wewe. Haya, ingia sasa."

Niliingia, lakini woga nao ukaniingia, na haujatoka mpaka leo. Kabla ya hapo haikuwahi kunipitia akilini kwamba gari lililonyanyuliwa linaweza kushuka lenyewe. Vijana mnaosoma haya mkitaka kunicheka, chekeni. Wenzangu waliwatangulia.

Kazi iliyokuja mara kwa mara ilikuwa ya bushi. Bushi ni pete nene ya mpira yenye kibomba cha chuma katikati. Hukaa pale ambapo mkono wa gari, ule unaoshika gurudumu, unafungwa kwenye chesisi, na kazi yake ni kumeza mtikisiko ili chuma kisigonge chuma. Barabara za mawe za kuzunguka Mlima Meru zilikula bushi kama mbuzi anavyokula majani ya mgomba. Dereva alikuja akilalamika kwamba gari linagonga kwenye mashimo, linavuta upande, na tairi linalika kushoto tu. Sisi tulichukua mtaimbo, tukaupenyeza kando ya ule mkono na kuusukuma. Mkono ukicheza, bushi imekwisha.

Kutoka shambani nilihamia mjini, kwenye gereji ya magari ya watalii. Mkuu wa Karakana hapo alikuwa mtu wa kutazama saa, kwa sababu wageni hawasubiri. Mwenzangu wa benchi alikuwa Lomnyaki, kijana wa Terrat, hodari kuliko mimi kwa kila kitu. Alikuwa akikamua bushi kwenye jiliwa, kile chuma cha kubania kilichofungwa mezani, huku akisimulia habari za ng'ombe wa baba yake, na bushi mpya ikaingia imenyooka. Mimi aliniita Bibi Harusi, kwa kuwa eti siingii mpaka nitandikiwe. Gereji nzima ikalishika jina hilo. Nilimpenda hata hivyo, maana utani wake haukuwa na sumu.

Msimu mmoja wa wageni magari yalirudi kutoka mbugani yamelegea yote. Mkuu akapita akisema, "Hili liondoke asubuhi, nisisikie sababu." Mimi nilikuwa upande wa pili wa gari nikikaza nati. Nikamwona Lomnyaki akijilaza, na tairi bado limeegemea ukutani.

"Lomnyaki, tairi," nikamwambia.

"Bibi Harusi, imebaki bolti moja tu."

Jeki iliteleza. Sauti yake yeye sikuisikia, nilisikia ya gari peke yake. Tulikimbia wote tukalinyanyua kwa mikono, na Mkuu mwenyewe akiwa ameshika bampa, lakini tulikuwa tumechelewa. Mkuu aliketi juu ya ndoo ya oili chafu, akavua saa yake akaitia mfukoni. Tulimzika Lomnyaki kwao, na mama yake akatushika mikono mmoja mmoja, mikono yetu ambayo bado ilikuwa na weusi wa grisi kwenye kucha. Nilirudi kazini kwa sababu watoto walihitaji kula. Ujasiri sikuwa nao.

Baadaye nilipata kazi katika karakana moja ya serikali, na ndiko nilikostaafia. Kila nilipoingia chini ya gari, tairi lilinitangulia, na bado nilitokwa na jasho hata asubuhi za Julai ambazo mlima wote umefunikwa ukungu. Siku ya kuniaga, Mhandisi wa karakana hiyo alisimama akasema, "Mzee wetu huyu ni mwoga kuliko mafundi wote niliowahi kuwa nao." Watu wakapiga makofi na kucheka. Nami nilicheka nao, ila nilirudi nyumbani Kimandolu nikiwa na aibu, nikijiuliza kama maisha yangu yote ya kazi yamekwisha kwa neno hilo moja.

Sasa nifike kwa binti yangu, Elinipa. Ni mwalimu, anafundisha upande wa Makumira, na ana gari dogo analokwenda nalo kazini. Likaanza kugonga mbele. Nililisikia tangu linaingia uani na nikajua ni bushi za mikono ya chini.

"Shikamoo baba. Jumamosi nataka nizibadilishe hapahapa nyumbani. Spea nimeshanunua."

"Marahaba. Mpelekee fundi."

"Fundi ni wewe. Unielekeze tu, nataka nijue mwenyewe."

Ningemkatalia vipi? Magoti yangu hayapigiki tena chini, na mtoto anataka elimu ya baba yake. Lakini usingizi ulinipaa, kila nikifumba macho nikiona miguu ya Lomnyaki.

Jumamosi mvua ilikuwa imetoka kunyesha na udongo wetu wa majivu ya volkano ulikuwa laini. Elinipa akaweka ubao wa mgrivilea chini ya jeki ili isizame, akanyanyua gari, akatoa tairi, akatandika boksi. Akajilaza. Fimbo yangu ikaenda yenyewe, ikamgonga kwenye soli.

"Unakwenda wapi?"

"Chini, baba."

"Nani amekutangulia?"

Akacheka, akasema wazee mna mambo. Lakini alitoka, akalilaza tairi, akalisukuma ndani, ndipo akaingia. Nikamwelekeza bolti ya nyuma ya mkono, ile ngumu. Akaivuta kwa nguvu na gari likatikisika. Ubao wa mgrivilea, ambao kwa juu ulikuwa mzima, ukapasuka katikati.

Gari lilishuka. Sauti ilikuwa ileile.

"Elinipa."

Nikaegemea fimbo, nikainama.

"Elinipa, mwanangu."

"Nipo," akasema kwa sauti ndogo. "Limekaa juu ya tairi. Nimebanwa, siwezi kugeuka. Baba, usiondoke."

Nani wa kuondoka? Hapakuwa na mtu mwingine uani. Niliburuta jiwe bapa la mlangoni tunalofutia matope, sijui nguvu ilitoka wapi, nikaiweka jeki juu yake. Mpini ulinitoka mkononi mara kwa mara. Nilikuwa nikiomba kwa Kimeru na kumwambia kwa Kiswahili, "Tulia, usijisogeze." Nafasi ilipopatikana, akateleza akatoka, mgongo umejaa matope. Tuliketi chini sote wawili, sikuyasikia hata magoti. Nililia mbele ya mtoto wangu na sikujificha.

Bushi tulizimaliza, lakini siku nyingine, mbele ya geti penye zege. Alizipaka maji ya sabuni ziingie, kwa sababu mafuta huozesha mpira. Na bolti za mikono hakuzikaza mpaka gari liliposhushwa likasimama kwa uzito wake, maana ukikaza gurudumu likining'inia, mpira hujisokota na kuchanika mapema. Hayo yote aliyashika kwa kuambiwa mara moja. Rimu ya lile tairi ilibaki na bonyeo. Nilimwambia tuinyooshe, akasema iache.

Juzi jirani yetu alileta gari lake uani kwetu atazame kinachogonga. Nilikuwa ndani nakunywa chai. Nikasikia chuma kikigonga soli ya kiatu, nikasogea dirishani. Jirani alikuwa anatoka kinyumenyume chini ya gari, ameshangaa, na binti yangu amesimama mbele yake na spana mkononi. Hacheki.

"Nani amekutangulia?" akamuuliza.