Kiganja cha Koki

Siku hizi Koki Mutie anashona sare za shule kule Umoja. Mteja akimwona amepanda kigoda kushusha kitambaa, hawezi kukisia kwamba miaka ya tisini mwanamke huyu alikuwa bingwa wa jimnastiki wa Kenya nzima. Mimi najua. Tulikulia ploti moja mtaani Mowlem, na boriti yake ya mazoezi, ule mti mwembamba wa kutembelea juu, mimi ndiye niliyekuwa nikiishikilia isiyumbe. Hadi leo nikinusa maranda mabichi, natamani kurudi ua wa ploti ile.

Boriti aliichonga babake. Mzee Mutie alikuwa fundi wa vinyago vya twiga na vifaru vya kuwauzia watalii. Mwaka wa tisini, Koki akiwa na miaka tisa, Mwalimu Adhiambo, aliyefundisha jimnastiki ukumbi wa mtaa, alimtumia mzee ujumbe: mtoto ana kipaji, atengenezewe boriti nyumbani, upana wake kiganja. Mzee akamwita Koki, akalaza mkono wa mtoto juu ya gogo la mkaratusi, akachora pembeni, akakata. Hakuuliza kiganja cha nani.

Tulijaribu sote kuipanda, tukaanguka sote. Koki pekee ndiye aliyebaki juu.

Mzee hakuwahi kumtazama. Alikuwa mtu wa kanisa, na kumwona binti amevaa nguo ya kubana, mapaja nje, kulimshinda. Alikaa akampa mgongo, tezo mkononi, akisikiliza boriti ikilia. "Mguu wa kushoto umechelewa," alikuwa akisema bila kugeuka, na kweli ulikuwa umechelewa. Nilicheka hadi boriti ikatikisika, nikatukanwa.

Siku ya kwanza Koki kupanda boriti rasmi mjini, alishuka akininong'oneza, "Maze, hii ni barabara ya Outering!" Ilikuwa pana kweli, tena imevikwa ngozi laini. Nikasema tukamweleze babake. Akanikata jicho.

"Ukimwambia baba alikosea kipimo, tutakosana."



Ubingwa wa 1995 akachukua, na wa 1996 pia. Mtaa ulimbeba juu juu, mamake akapiga vigelegele hadi sauti ikamkauka. Lakini kila akishuka, Koki alitafuta kwanza kiti cha babake, na kilikuwa kitupu. Medali zilitundikwa nyumbani na mzee alizipangusa vumbi kila Jumamosi. Kuja kumwona, hapana. Nilimkasirikia sana mzee yule.

Mwaka wa 1997 goti likaanza kumsumbua, daktari akasema mashindano ya mwaka huo yawe ya mwisho.

"Baba, njoo," Koki akamsihi. "Hata ukinipa mgongo, wewe njoo tu."

Alikuja na koti lake la Jumapili, akageuza kiti kikatazama ukuta. Watu wakacheka. Mimi nikatamani kuwazaba makofi. Koki akapanda, mzee akatega sikio. Kimya. Ngozi ile ilimeza kila hatua. Nilimwona akikunja pindo la koti, akilikunjua, akilikunja tena.

"Mbona simsikii?" akaniuliza kwa sauti kubwa. "Ameanguka?"

Akageuka.

Koki alikuwa hewani. Akatua, akamwona babake akimtazama, akayumba, mguu mmoja ukagusa chini. Pointi zikaenda, akawa wa pili. Hata hakujali, alikuwa akilia na kucheka pamoja.

Mlangoni mzee hakumpongeza. Alikuwa na lake.

"Koki, ile boriti yao ni pana."

"Ndiyo, baba."

"Ulijua tangu lini?"

"Tangu siku ya kwanza."

Mzee akamshika mkono, akalaza kiganja chake juu ya cha bintiye, akavitazama vyote viwili huku watu wakitupita.

"Nitakukatia nyingine," akasema.

Koki, aliyekuwa amemaliza mashindano yake yote siku hiyo, akamjibu, "Nikatie, baba."