Kinyozi Anayenyoa Miti Panki

Saa moja kasoro robo asubuhi, mwalimu wa hesabu amekaa kwenye kiti cha kinyozi, kitambaa cheupe kimefungwa shingoni, nusu ya kichwa imenyolewa na nusu bado. Kinyozi hayupo. Yuko nje barazani, amepiga goti mbele ya mti uliopandwa kwenye ndoo kuukuu ya rangi, mkasi mkononi, jicho moja amelifumba.

"Mzee, kengele inagonga saa moja na nusu!" mwalimu anapaza sauti.

"Nakuja. Kuna kijiti kimechomoza hapa, kinaninyima raha."

"Na mimi je? Niingie darasani na kichwa cha mafungu mawili?"

Kinyozi anakata kijiti, anarudi nyuma hatua tatu, anautazama mti kama mtu anayemkagua bibi harusi, kisha ndipo anaingia ndani. Mtaa mzima unamwita Taratibu, na mwalimu, ambaye ni mteja wake wa miaka kumi na tisa, anasema jina hilo halikutoka hewani.

Mti wenyewe ni ule unaozaa majani ya kunukia ambayo wapishi hutupia kwenye supu na mchuzi, kisha huyatoa kabla ya kupakua. Kwenye maduka ya viungo huuzwa yakiwa makavu, yameandikwa bei lifu. Mtaani watu wamelikata jina, wanasema "bei" tu, na hapo ndipo vurugu huanza.

"Mtu anapita, anauliza, 'Mti gani huu?' Namjibu, 'Bei.' Ananiambia, 'Sijafika kwenye bei, nauliza jina.' Namwambia ndilo jina. Anauliza, 'Sasa bei yake?' Namwambia, 'Bei ya bei?' Wengine huondoka wamenuna, wanadhani nawadhihaki."

Barazani ana miche kumi na saba, kwenye ndoo za rangi, masufuria yaliyotoboka na vyungu viwili vya udongo. Mche wenye umbo la mpira juu ya shina moja anauuza kwa gharama ya kunyoa vichwa kumi na viwili. Si utajiri, anasema, lakini kichwa hukaa kwenye kiti mara moja kwa mwezi, na mti hukaa mlangoni siku zote ukimwita mtu mwingine.

Mti wa kwanza hakuununua. Miaka kumi na moja iliyopita, mpishi mstaafu wa hoteli alihamia ghorofa ya nne kwenye jengo lisilo na lifti, akashindwa kuupandisha. Akauacha kwa kinyozi wake, akasema, "Niwekee wiki mbili."

Wiki mbili hizo hazijaisha. Mpishi huja kila mwezi, ananyolewa bila kulipa, anachuma majani yake manane na kuondoka. "Anasema kunyoa huko ni kodi ya mti wake," Taratibu anaeleza. "Nikamwambia, mzee, nani anamlipa nani hapa? Mti unakula udongo wangu! Akanijibu nisipaze sauti, mti haupendi kelele."

Mwanzoni hakujua chochote. Mti ulipoanza kufumuka, aliupitishia mashine ya kunyolea. Ukatoka duara safi, akajisifu jioni nzima. Baada ya siku nne kila jani lililokatwa katikati lilikuwa limekauka pembeni, rangi ya chai.

"Mke wangu aliniuliza kama nimeupiga pasi," anakumbuka.

Tangu siku hiyo hukata kwa mkasi, kijiti kimoja kimoja, juu kidogo ya jani, asiguse jani lenyewe. Akajifunza pia kutoboa ndoo chini, kwani mti huu hauvumilii miguu kulowa. Wadudu wadogo wa magamba wanaoganda kwenye mashina huwafuta kwa kitambaa na maji ya sabuni, kazi ambayo humchukua asubuhi nzima ya Jumatatu. Kuotesha vijiti ndiko kulikomtesa zaidi. Kundi la kwanza alichomeka ishirini kwenye mchanga, akangoja miezi mitano, vikashika vinne.

"Alikuwa anavichungulia kama mtu mwenye mgonjwa hospitalini," anasema mkewe. "Mimi nilipougua malaria hakunichungulia hivyo."

Kwa miaka mingi miti ilikuwa mchezo wa mkono. Ilikuja kuwa kazi kwa sababu ya sikio.

Miaka mitatu iliyopita, mkono wa kulia wa Taratibu ulianza kutetemeka. Alificha. Alijifanya anapumzika, anafuta wembe, anatafuta stesheni kwenye redio. Siku moja, akimchonga karani wa posta karibu na sikio, mkono ukaruka.

"Nilimkata kidogo tu," anasema, sasa bila kucheka. "Lakini sikio halina kidogo. Damu ilijaa kitambaa. Yule bwana hakunitukana hata, na hilo ndilo lililoniumiza."

Habari zikaenea. Vichwa thelathini kwa siku vikawa tisa. Karibu wote waliobaki walikuwa wazee wenye upara, ambao hawakuwa na la kupoteza. Mchana mmoja alifunga mlango, akaketi kwenye kiti cha wateja, akajitazama kwenye kioo mpaka binti yake akaja kumwita chakula.

"Nilimkuta ameshika wembe, analia," anasema binti huyo, ambaye wakati ule alikuwa akiuza simu dukani. "Nikamwambia, Baba, nipe. Nikasimama nyuma ya kiti, nikamwambia anifundishe kwa mdomo."

Alijifunza kwa miezi minne, kichwa cha kwanza kikiwa cha mumewe, ambaye alivaa kofia kwa wiki tatu. Leo kazi yote ya wembe ni yake. Baba hushika mashine tu, na kwa wateja wa zamani tu, wale wanaokubali kuachwa nusu. Muda uliobaki ni wa miti.

"Mkono ukitetemeka, nangoja. Ukitulia, nakata. Mti hauna haraka na wala hauna sikio."

Kilichompa jina mjini, hata hivyo, ni msiba mwingine. Mama mmoja aliyekuwa akifungua mgahawa alinunua miti miwili iliyolingana kama mapacha, aiweke pande mbili za mlango. Aliichukua wiki moja kabla. Asubuhi ya ufunguzi akapiga simu, sauti juu.

"Mzee Taratibu, mti wako una upara!"

Alifika mbio, mkasi mfukoni. Mti wa kulia ulikuwa mzima. Wa kushoto, uliokuwa jirani na mlango wa jikoni, ulikuwa umechumwa upande mzima mpaka mifupa ikaonekana. Mpishi wa mgahawa alikuwa amesimama hapo ameshika mwiko.

"Nilidhani ni wa jikoni," alisema mpishi. "Nilionja mchuzi, ukawa mchungu, nikaongeza majani mengine ili ladha ije."

"Uliongeza uchungu juu ya uchungu?" Taratibu akamwuliza. "Majani haya unayakausha kivulini wiki mbili kwanza, ndugu yangu! Na sufuria moja linataka mawili, si tawi!"

Walijaribu kuugeuza mti, upara uelekee ukutani. Ukuta ulikuwa wa kioo. Waliokaa ndani wangekula wakiutazama upara ana kwa ana. Wageni walikuwa wafike muda wa saa mbili baadaye, na mama mgahawa alishaketi kwenye ngazi, kilemba mkononi.

"Hapo nikajiuliza, huyu angekuwa mtu ningefanyaje?" anasimulia Taratibu. "Mteja akija ameharibiwa pembeni na kinyozi mwingine, huwezi kumrudishia nywele. Unapunguza pande zote, unamwachia juu. Unamkata panki."

Akakata. Mkono ulitetemeka, akangoja, akakata tena. Alipomaliza wa kushoto, alihamia kwa ule mzima, na mama mgahawa akafunika macho. Zikiwa zimebaki dakika kumi wageni wafike, miti yote miwili ilisimama mlangoni na panki zilizochongoka, mithili ya vijana wawili waliojiandaa kwenda dansi.

Wageni walipiga picha na miti kabla ya kupiga na mwenye mgahawa. Wiki hiyo watu watano walikuja barazani wakitaka "bei ya panki". Mpishi alipewa mfuko wa majani yaliyokatwa, na onyo.

Sasa Taratibu anataka kufungua kitalu nyuma ya kibanda, miche mia moja, yenye kivuli chake na pipa la maji. Amekwisha kupima eneo kwa hatua. Anasema binti ndiye atakayeendesha kila kitu siku moja, vichwa na miti.

Je, ameshamruhusu kukata mti?

Taratibu anageuka, anamtazama bintiye ndani, wembe ukiteleza taratibu kwenye koo la mteja aliyefumba macho.

"Hapana," anasema. "Kwanza apate uzoefu."