Resista Nane Nilizozing'oa

Siku ile naikumbuka vizuri, mwanangu, ingawa miwani nimeiweka sasa hivi na sijui iko wapi. Nilikuwa msichana wa miaka ishirini na mitatu, fundi wa elektroniki hapa Kitale, na sifa zilikuwa zimenivimbisha kichwa.

Mwenye ghala moja la mahindi alikuwa na mashine ya kupima unyevu. Alitaka tarakimu kubwa zitundikwe nje, wakulima kwenye foleni wajionee wenyewe. Nikavuta waya mrefu, lakini ishara zikawa zinachelewa kufika na tarakimu zinachanganyikana. Nikachungulia ndani. Kila mguu wa chipu unaotuma ishara ulikuwa na resista ndogo ya kupunguza kasi, zote nane. Nikazing'oa. Tarakimu zikawaka safi, chap chap, watu wakapiga makofi, nami nikaenda kunywa chai kama mtu aliyeshinda uchaguzi.

Kesho yake Mama Wanjiru wa Kiminini alileta mahindi yake ya mwaka mzima kwenye trela la kukodi, na mvua ilikuwa inanukia. Mashine ikasema mabichi. Akaambiwa ayarudishe.

"Hii mahindi nimeanika wiki tatu," alisema. "Nileteeni chupa na chumvi."

Akatia chumvi na punje kwenye chupa kavu, akatikisa. Mahindi mabichi hugandisha chumvi kwenye kioo. Hata chembe moja haikuganda. Akanigeukia mimi niliyefunga tarakimu zile, si mwenye ghala. Niliona aibu, mwanangu, aibu ya kutaka ardhi inimeze.

Bahati nzuri Mzee Wafula, fundi wa Bungoma aliyenifundisha kazi, alikuwa mjini akinunua vipuri. Nikamkimbilia. Alipoinama juu ya mashine hakuhitaji hata dakika.

"Resista ziko wapi?"

"Nilizitoa, Mzee. Zilikuwa zinachelewesha."

"Ati zinachelewesha? Si ziliwekwa zicheleweshe, bana!" Kisha akashusha sauti. "Ukituma ishara nane kwa kishindo kimoja, umeme unasukumana kwa waya wa ardhi. Na hiyo waya ndiyo inaonyesha kipimo sifuri iko wapi. Sifuri ikitikisika, mahindi kavu inasoma maji."

Nikataka kuzirudisha zile zile. Akanikataza: tarakimu zingechanganyikana tena. Ilibidi nitafute resista za nguvu ya katikati, na hiyo hakuna mtu angenitafutia. Nikamwambia mwenye ghala kwamba hapimwi mtu mpaka nimalize. Alifoka, nikaendelea kuchomelea. Kila nilipobadilisha resista nilipima mahindi yale yale ya Mama Wanjiru, mara kumi, nikitazama tarakimu na kipimo pamoja. Saa nane mchana vyote viwili vikatulia. Kavu. Nikasimama mbele ya foleni nikasema mashine ilidanganya kwa sababu yangu. Mama Wanjiru akaanza kupakua mahindi yake.

Lakini kabla yake mkulima mwingine alikuwa amefukuzwa asubuhi. Nikamfuata hadi Kimilili. Mvua ilikuwa imemkuta njiani, nami nilimkuta akimwaga magunia uani, yamelowa chapachapa. Nilimweleza yote. Alinisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Msichana, si ungepima kwanza?" Akaendelea kumwaga. Nikavua viatu nikamsaidia kuanika, siku ile na tatu zilizofuata, na bado mengine yalioza.

Ndiyo maana nakusumbua, mwanangu. Kasi usiiogope, itafute. Lakini kabla hujaiongeza, uliza ni nani mwingine anayetegemea waya ule ule, kisha upime upande wake kama unavyopima wako. Ukikosea, sema kwa sauti, tena mapema. Mungu akupe mkono usiotetemeka na moyo wa kurudia kazi bila kununa, na akujalie usimkute mtu uani akimwaga mavuno yake kwa sababu yako.