Kutafsiri Filamu Bubu Mbele ya Mkwe

Mwaka 2018 nilikuwa naishi Euless, Texas, napakia mizigo kwenye ndege, na nilikuwa nimekataliwa. Si na mchumba. Yeye, Mrundi wa mtaa wa Vickery Meadow, Dallas, aliyefanya kazi hotelini, alinipenda vizuri tu. Aliyenikataa ni baba yake. Nilikwenda kuposa peke yangu na katoni mbili za soda, nikajieleza kwa Kiswahili changu cha Tanga kilichonyooka. Mzee alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Kwetu mtu hajisemei. Ukija peke yako nitakujuaje? Lete mtu." Mtu wangu pekee Texas nzima alikuwa mjomba wa Pearland, kule Houston, na mjomba alikuwa na shifti za hospitali zisizoisha. Kila nikimpigia ananiambia wiki ijayo, na mzee nikamwambia hivyo hivyo.

Jumamosi moja mchana, mwalimu wa kujitolea wa Kiingereza aliwaandalia wakazi wa Vickery Meadow filamu kwenye ukumbi wa nyumba zao za kupanga. Alichagua filamu bubu, fupi, ya mapenzi na machozi, akiamini kwamba isiyo na maneno itaeleweka na wote. Mama wa watu! Hakujua amewakaribisha nani. Nusu ya ukumbi walikulia kambi za wakimbizi kule Kigoma, ambako filamu bila mtu wa kuitafsiri kwa sauti na kuitia chumvi si filamu. Kinanda cha filamu kilipoanza tu, mtu akauliza, "Nani anatafsiri?"

Mchumba wangu akaninyooshea kidole. "Huyu hapa, anaongea sana." Kisha akaninong'oneza, "Daddy yuko mbele. Please, u-behave."

Nikasimama kando ya pazia la filamu. Kwenye filamu kulikuwa na binti, baba yake mwenye ndevu, na wanaume wawili wanaomtaka binti: mmoja mwembamba mwenye masharubu yaliyopindwa, mwingine mwokaji mikate mnene aliyejaa unga. Nikamchagua wa masharubu bila kufikiri mara mbili. Alikuwa mwembamba kama mimi.

"Kijana huyu," nikaanza kwa sauti nzito, "ni mchapakazi. Anapakia mizigo. Hana ndugu mji huu, lakini ana heshima, hanywi, na kodi ya nyumba analipa kwa wakati. Huyo mnene, jihadharini naye!" Ukumbi ukacheka. Mzee hakucheka, ila alisogeza kiti mbele.

Ndipo wa masharubu akatoa kamba. Nikasema anamsaidia baba wa binti kufunga mizigo. Kamba ikamzunguka baba mwenyewe. Nikasema ni baridi, anamfunika. Akamfungia ghalani, akawasha kiberiti kwenye nyasi. Nikasema anatafuta kitu gizani, na hapo akina mama wakaanza kunizomea.

Mwokaji akaja mbio, akavunja mlango kwa bega, akamtoa baba wa binti amembeba mgongoni. Binti akalia mpaka wanja ukamshuka mashavuni. Baba akauchukua mkono wa binti, akauweka katika mkono wa mwokaji, maandishi yakatokea, na ukumbi mzima ukanigeukia. Safari hii nilisoma kama yalivyoandikwa: "Mchukue, mwanangu." Sauti ilinitoka nyembamba. Niliona aibu, na nilijua nimejiharibia kabisa.

Taa zilipowashwa, mzee alikuja mpaka niliposimama.

"Yule wa masharubu alikuwa wewe?"

"Ndiyo, baba." Neno baba liliniponyoka.

"Na uliona kwamba anachoma ghala?"

"Niliona."

"Na bado ukamtetea."

"Hakuwa na mtu mwingine, baba."

"Mjomba wako bado yuko kazini?"

"Bado."

Akamgeukia jirani yake, Mrundi mwenzake ambaye huenda naye kazini kila siku. "Wewe. Kesho baada ya misa utakuja kwangu kumsemea huyu kijana. Nitakukatalia kidogo, halafu tutaona."

Yule jirani akanishika bega, akaniuliza kwetu ni wapi na baba yangu anaitwa nani. Nikamtajia yote mawili. Nilikuwa nalia.